Uzi wa Buluu Kwenye Shina Lenye Mbawa

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili ni la shule. Niliandika kurasa chache za mwanzo, halafu mimi na shule tukaachana kwa amani. Niliiacha kabla haijaniacha. Kurasa nyeupe zimebaki tele. Mama Mdogo anasema badala ya kumpigia kelele kila jioni wakati anakanda miguu yake, niandike humu. Haya, Mama Mdogo, naandika. Na ujue unakosa uhondo.

Leo nimeanza kazi. Mama Mdogo anapiga deki kwenye nyumba ya mbegu, pale wanapohifadhi mbegu za mimea ya mwitu, na ni yeye aliyenisemea kwa Daktari. Daktari mwenyewe si wa sindano, ni wa majani. Mwanamke mfupi, kofia pana, anapanda mlima kama aliyeacha sufuria motoni huko juu.

Kazi yenyewe ni hii. Mlimani kuna njegere mwitu za aina mbili, ndugu wa tumbo moja ukiziona. Moja imejaa kila mahali mpaka inachosha. Ya pili ni adimu, na Daktari anataka mbegu zake, safi, zisichanganyike hata punje moja na za nduguye. Mbegu hukomaa baadaye, maua yakishapukutika na mashina yakishakauka, na wakati huo zote zinafanana kama maji na maji. Kwa hiyo sasa, maua yakiwepo, tunapita tunafunga uzi kwenye kila mmea. Uzi mwekundu kwa ya kawaida, uzi wa buluu kwa adimu. Wakati wa mavuno tunachuma zenye buluu tu.

Nikamwambia Daktari, "Kufunga uzi tu? Nipe wiki nikumalizie mlima, unipe na mwingine."

Akanitazama kama anavyotazama jani lenye ukungu.

Jumanne, Machi 4

Mwenzangu kazini anaitwa Vidole. Jina nimempa mimi leo leo, na kufika saa sita dereva na mlinzi walikuwa wanalitumia. Ana miaka kadhaa kunizidi, amesoma mpaka vitabu vimemkimbia, huu ni msimu wake wa pili. Kila mmea anaupapasa kama mtu anayenunua kitambaa.

"Kaka, huo mmea ni mke wako?"

"Heri huu, hauongei kama wewe," akasema. "Wewe unaitwa nani vile? Ah, basi. Nitakuita Mdomo."

Wote wakacheka. Jina likanikaa. Sikukasirika, nimeshaitwa vibaya zaidi.

Daktari ametufundisha. Ya kawaida ina ua la waridi na shina lenye mbawa: ukanda mwembamba wa kijani kila upande, kama upindo wa gauni. Adimu ina ua la buluu na shina lisilo na mbawa, lina pembe tu, kama penseli. Kwa hiyo mimi naziita Mbawa na Penseli. Majina yao ya kisomi yanahitaji ulimi wa ziada.

"Ua ni la kukuita uje," Daktari alisema. "Ukishafika, usiliulize kitu. Gusa shina."

Alirudia mara nyingi. Mimi kitu nakielewa mara ya kwanza, hiyo ya pili na ya tatu huwa naangalia ndege.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Tumekaa kwenye gari. Vidole amenishinda drafti, lakini aliiba.

Jumatano, Machi 12

Leo nimefanya utani ukanigeukia.

Vidole huweka nyuzi nyekundu mfuko wa shati wa kushoto na za buluu mfuko wa kulia. Hakosei, hachanganyi, hata shati akibadilisha mpangilio ni ule ule. Alipolivua akanawe uso kwenye kijito, nikabadilisha. Za kushoto kulia, za kulia kushoto. Nikajibanza nyuma ya jiwe, nikaziba mdomo nisubiri kelele zake.

Hakupiga kelele. Alifunga mmea wa kwanza, wa pili, akashuka mstari mzima. Maua ya buluu uzi mwekundu, maua ya waridi uzi wa buluu. Anaimba, huku anafunga.

"We Vidole," nikatoka, "hiyo ni harusi ya nani umebadilisha mabibi harusi?"

Akasimama. Akatazama uzi mkononi, kisha mimi, kisha tena uzi.

"Unasemaje?"

"Hiyo uliyoshika ni rangi gani?"

Akauzungusha uzi kidoleni.

"Kaka, nimekuuliza. Rangi gani?"

"Umenibadilishia mifuko," akasema polepole.

"Jibu kwanza."

"Sijui," akasema. "Sijui, Mdomo. Kwangu zote mbili ni kama matope yaliyokauka. Umefurahi?"

Sikufurahi. Nilikuwa nimejiandaa kucheka bure.

Tulikaa chini. Akaniambia amezaliwa hivyo, nyumbani kwao wanajua, hapa hakuna anayejua. Nyumba ya mbegu itaajiri mtu mmoja wa kudumu msimu ukiisha, na yeye ndiye anayetarajiwa. Kazi yenyewe ni kuandika kila mbegu ilitoka kwenye ua la rangi gani. "Wakijua, wataniweka getini nifungulie magari. Na mimi hii kazi naipenda. Usinicheke."

"Sasa bila rangi unazitofautishaje?"

"Fumba macho."

Nikafumba. Akanishika mkono akauweka kwenye shina. "Unasikia upindo?" Nikasikia. Akaupeleka kwenye jingine. "Na hapa?" Pembe, kavu, ngumu. Kweli ni penseli.

"Wewe una macho mazuri ndiyo maana huoni kitu," akasema.

Nilimwapia kwa jina la Mama Mdogo kwamba sitasema. Kisha tukaufungua mstari wote na kuufunga upya, yeye anagusa, mimi namkabidhi uzi. Alikagua mara mbili. Mtu mzito wa kusamehe shina, lakini mimi alinisamehe hapo hapo, akanipa nusu ya mkate wake.

Ijumaa, Machi 14

Tumeshakuwa timu. Yeye anasema "Mbawa," mimi nafunga nyekundu. "Penseli," nafunga buluu. Tunaenda polepole kama maiti inayosindikizwa na wazee, lakini tunaenda.

Jumatano, Machi 19

Vidole ana homa. Daktari amenipeleka peke yangu kwenye kilele, pale juu ya mawe, kuanza upande wa mashariki.

Niseme ukweli, nilishika mashina ya kwanza. Halafu nikajiuliza: mtu mwenye macho anapapasa nini? Vidole anapapasa kwa sababu hana njia. Mimi ninayo. Ua la waridi, nyekundu. Ua la buluu, buluu. Mbio mbio, kama anayegawa peremende.

Ijumaa, Machi 21

Nimemaliza upande wa mashariki wa kilele siku tatu! Peke yangu! Daktari amepanda kuangalia, akasimama akiwa mbali, akaona nyuzi za buluu zimejaa. Akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia, ana mvi.

"Sikujua zimo nyingi hivi huku juu," akasema. "Miaka yote nilidhani huku zimebaki chache."

"Zilikuwa zinanisubiri mimi, Daktari."

Alicheka. Amepiga simu mbele yangu kumweleza mkubwa wake. Nilisimama wima kama picha ya kitambulisho.

Jumatatu, Machi 24

Vidole amerudi, amekonda. Tumefanya upande wa magharibi wa kilele pamoja, yeye anataja, mimi nafunga huku natazama ndege.

"Ule wa mashariki umegusa mashina?" akaniuliza.

"Nimegusa mpaka yakaona haya."

"Yote?"

"Kaka, unaniamini au huniamini?"

"Nakuamini," akasema. Alivyolisema, upesi hivyo, afadhali angebisha kidogo.

Jumatano, Aprili 2

Mvua.

Alhamisi, Aprili 3

Mvua tena. Mama Mdogo ananiita "mtaalamu" mbele ya majirani. Sijamkatalia.

Jumatatu, Aprili 14

Maua karibu yote yamepukutika. Sasa mlima ni kijani tupu na nyuzi. Bila nyuzi hata Daktari angepata kazi ya kuzitofautisha, huo ni ukweli.

Jumanne, Aprili 29

Maganda yamenona. Vidole anayahesabu kwa kucha huku anaimba. Anasema akiajiriwa atamwoa mtu fulani. Nimemwambia kwanza mtu fulani aulizwe.

Jumatatu, Mei 5

Siku mbaya. Naiandika taratibu.

Daktari alipanda kileleni asubuhi kutazama maganda. Mimi na Vidole tulikuwa chini tunashona mifuko ya kitambaa. Akatupigia simu tupande. Sauti yake haikuwa ya juu, ndiyo maana tulikimbia.

Alikuwa amepiga magoti upande wa mashariki, ameshika shina lenye uzi wa buluu.

"Gusa," akaniambia.

Nikagusa. Upindo. Mbawa.

"Na hili."

Mbawa.

"Na hili. Na lile." Alisimama, akajipangusa magoti. "Uzi wa buluu kwenye shina lenye mbawa. Sijui ni mangapi, nimeacha kuhesabu. Nani amefunga huku?"

Mimi nilifunga. Nilijua nilifunga. Lakini naandika hapa kile kilichopita kichwani, kwa sababu kilipita kweli: niliona mifuko ya shati la Vidole. Nikakumbuka mstari ule wa chini, mwekundu na buluu vimegeuzwa. Nikajisemea, macho yangu hayana tatizo, maua niliyaona kwa macho yangu, yalikuwa buluu. Basi huyu alirudi huku baada yangu akagusagusa, akabadilisha. Akili yangu ilikimbilia huko kama mbuzi anayejua zizi lake.

"Tulifanya wote wawili kilele, Daktari," Vidole akasema. Alitaka kunisaidia kubeba. Sasa naelewa, alitaka kunisaidia kubeba.

"Basi mmoja wenu hajui mwekundu na buluu," Daktari akasema. Yalikuwa maneno tu ya hasira, kama mtu anavyosema hujui kushoto na kulia.

Na mimi nikafungua mdomo.

"Si kosa lake, Daktari. Macho yake hayaoni rangi."

Nililisema kwa sauti ya huruma. Kama namtetea. Hilo ndilo linaloniwasha zaidi, ile sauti.

Vidole hakunitazama. Alitazama vidole vyake.

Daktari alitoa nyuzi mbili mfukoni, akaziweka kwenye kiganja. "Ipi ya buluu?"

Alichagua. Alikosea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa geti, Daktari."

"Ningekupa mtu wa kukusomea rangi," akasema Daktari. "Sasa nina kilele kizima ambacho siwezi kukiamini, na mtu ambaye siwezi kumwamini. Hilo la pili ndilo lililoniuma."

Alimwambia arudi nyumbani. Vidole akatoa nyuzi zake, za kushoto akaziweka upande wa kushoto wa jiwe, za kulia upande wa kulia, zimenyooka. Akashuka mlima. Mtu akishuka pale unamsikia muda mrefu, kokoto zinamsindikiza.

Jumanne, Mei 6

Daktari amenifanya msimamizi wa mavuno. Hana mwingine. Akasema nikimaliza vizuri, ile nafasi ya kudumu nitafikiriwa.

Mama Mdogo aliacha ndoo katikati ya korido akanikumbatia mbele ya watu wote. "Mwanangu! Na walisema hafiki popote huyu!"

Nimelala vizuri. Nasema tu.

Alhamisi, Mei 8

Maganda ya mwanzo yameanza kupasuka. Jua likipanda yanajikunja ghafla, pa!, mbegu zinaruka. Unaweza kuwa peke yako mlimani ukadhani mtu anakupigia vidole.

Tunachuma za chini kwanza. Za kilele Daktari amesema zisubiri, afikirie.

Jumatano, Mei 14

Nyuma ya kijito, kwenye kivuli cha jabali, kuna Mbawa zilizochelewa, ndiyo kwanza zinachanua. Nimechuma tawi moja la waridi nimletee Mama Mdogo. Nimegusa shina kwanza. Siku hizi nagusa kila kitu. Ameliweka kwenye glasi ya maji, dirishani.

Jumamosi, Mei 17

Nilikuwa nanyoa ndevu tatu nilizonazo. Mama Mdogo anapanga vyombo.

"Hii njegere yako ina mambo," akasema. "Ulileta la waridi au la buluu?"

"La waridi, Mama."

"Basi njoo ulione."

Nikaja na povu usoni. Maua yale yale, tawi lile lile. Yale ya chini, ya zamani, yamekuwa buluu. Ya katikati yako njiani, nusu kwa nusu, kama shati lililochuja. Juu kabisa kidogo cha waridi bado kipo.

"Limezeeka tu," Mama Mdogo akasema. "Mbona hata mimi nilikuwa rangi nyingine." Akacheka peke yake. "We, vipi? Umejikata?"

Nikamwambia nimejikata.

Jumapili, Mei 18

Mbawa ua lake huanza waridi likazeeka buluu. Nimeliandika nilione. Nilifunga uzi wa buluu kwenye kila Mbawa iliyozeeka. Mimi. Kwa macho yangu mazuri. Vidole hakugusa hata shina moja upande ule.

Jumatatu, Mei 19

Pa. Pa. Kutwa nzima.

Jumanne, Mei 20

Nilipata akili, au nilidhani. Nikapanda kileleni kabla ya wengine, kubadilisha nyuzi kimya kimya. Niguse kila shina, Mbawa nyekundu, Penseli buluu, nishuke, Daktari akute kilele kimetulia. Vidole arudishwe kwa sababu nyingine yoyote, ningeitunga. Kutunga najua.

Nikafumba macho nikagusa. Mashina yamekauka. Upindo umejikunja, umekunjamana kama ngozi ya shingo ya kobe, na pembe zimelegea. Nikagusa moja mara nyingi, nikapata majibu mawili. Nikajaribu na midomo, maana midomo inasikia zaidi. Mlinzi wa ng'ambo ya kijito aliniona nabusu majani, akapunga mkono.

Nikakaa chini. Maganda yanapasuka yote, ya uzi wa buluu kwa ya uzi mwekundu, mbegu zinanirukia mgongoni. Laiti lingekuwa tusi ningejibu.

Alhamisi, Mei 22

Daktari kaamua. Za kilele zichumwe zote zenye buluu, ziwekwe mfuko mmoja, ziandikwe "zisizoaminika", zitupwe ghalani nyuma. Penseli nyingi za kweli zimo humo.

Mama Mdogo: "Mbona hujanisimulia kitu wiki nzima? Mdomo wako umekwenda likizo?"

Jumamosi, Mei 24

Nimemtafuta Vidole. Kaka yake mkubwa ana duka la rangi karibu na stendi. Za kupaka ukuta. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikamwona ndani, kavaa aproni, anauza rangi, mtu asiyeona rangi. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Mteja alitaka krimu. Vidole akapitisha kidole kwenye mfuniko wa kopo, pale walipomkunia alama kwa msumari, akampa krimu. Mteja akatoka. Nikaingia.

"Karibu, mteja," akasema, kisha akaniona. "Duka linafungwa."

"Ni saa nne asubuhi, kaka."

"Ndiyo. Linafungwa saa nne."

Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, yenye utangulizi. Yote yakanikimbia.

"Hukukosea," nikamwambia. "Kule kileleni. Ni mimi. Nilifunga kwa ua. Ile yenye mbawa likizeeka ua linageuka buluu. Sikugusa. Nilikudanganya kwamba nimegusa."

Alishika ukingo wa meza. Nilidhani atanirushia kopo, nikachagua moyoni lipi, nikapata la kijani. Badala yake akakaa kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyetoka mbali.

"Unajua wiki hizi nimefanya nini?" akasema. "Nimegusa mashina. Pale nyuma ya duka kuna magugu. Nakwenda nagusa, naangalia, nagusa. Nilisema macho yaliniacha tangu tumboni, sawa, lakini hata vidole? Nilidhani hata vidole vimeniacha. Nilikuwa nimeshakubali, Mdomo. Nimemwambia kaka ninakaa hapa hapa dukani."

"Hayakuwa macho yako wala vidole vyako."

"Yalikuwa ya kwako."

"Ndiyo."

"Na siri yangu uliitoa kwa kosa lako."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayepiga hesabu ya lita. Mteja akaingia, akatoka na brashi.

"Nisamehe, kaka."

"Hukuja kuomba hilo. Umekuja nikuambie sawa, uondoke mwepesi." Akainuka, akaanza kupanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. "Sina la kukuambia. Aliyeambiwa uongo ni Daktari, nenda huko. Na usiseme kwa ile sauti."

"Sauti gani?"

"Unaijua."

Jumatatu, Mei 26

Nilikwenda. Daktari alikuwa ofisini, mlango wazi, na Mama Mdogo anafuta kioo cha dirisha kwa ndani. Nilitaka kusubiri aondoke, kisha nikasema hapana, huko ndiko ninakokimbilia siku zote, kwenye kusubiri mtu aondoke.

Niliweka glasi mezani na tawi jipya la pale kwenye jabali, chini buluu, juu waridi. Nikaeleza yote. La ua, la kusema nimegusa, la Vidole kunibebea nami nikamtwisha. Mama Mdogo aliacha kufuta. Kitambaa kilibaki kioo­ni chini ya mkono wake, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Daktari aligeuza glasi, akatazama buluu, akatazama kidogo cha waridi kilichobaki.

"Haya ni mambo mawili," akasema. "Hili la ua nililifanya mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, ndiyo maana niliwaambia msiliulize ua kitu. Hilo ningekufokea nikasahau. La pili si la mimea, sina dawa yake."

"Kazi naacha, Daktari."

"Huachi, nakuachisha. Nafasi ile ni yake akikubali, na nitakwenda kumwomba mimi mwenyewe, maana na mimi nilihukumu macho yake nikasahau vidole vyake. Lakini kwanza mfuko wa kilele utachambuliwa. Kwa macho mbegu zinafanana, lakini ya Mbawa kitovu chake, lile kovu iliposhikana na ganda, ni kifupi, ya Penseli kitovu kirefu, ukipitisha ukucha utasikia, moja moja, kazi ambayo hakuna aliyekuwa na muda nayo. Utakaa uchambue mpaka uishe. Ndipo uende."

Nimeona sasa hivi nimeandika Mbawa na Penseli. Ni yeye aliyesema hivyo. Ameyachukua majina yangu. Siku nyingine ningelitangaza hilo mtaani kote.

Mama Mdogo alinisubiri nje, kwenye ngazi.

"Nilikusemea," akasema. "Nilisimama kwenye ofisi ile na ndoo yangu nikasema, mwanangu ana mdomo lakini hana ubaya. Nitaingiaje kesho kupiga deki?"

"Utaingia kwa mlango, Mama." Lilinitoka. Mazoea.

Hakucheka. Aliingia ndani, na leo chakula kilikuwa kimefunikwa mezani, yeye yuko chumbani.

Jumatano, Juni 4

Vidole amerudi. Daktari alikwenda dukani mwenyewe, wanasema alikaa muda mrefu, akatoka na kopo la krimu.

Amepewa meza kubwa, taa, na msichana wa kumsomea rangi. Mimi nimewekwa upande wa pili wa meza ile ile, na mfuko wa kilele katikati yetu. Trei, makopo mawili, mbegu, ukucha.

"Habari za asubuhi, kaka."

Akaniitikia, akanitaja kwa jina langu halisi. Lile la cheti cha kuzaliwa. Jina hilo wanaliita walimu tu, kabla ya adhabu.

Alhamisi, Juni 5

Kuchambua.

Ijumaa, Juni 6

Kuchambua. Yeye huenda haraka mara tatu kuliko mimi, na hatazami. Anaongea na msichana wa rangi, wanataniana, yule naye ana mdomo si haba. Wakicheka nainamia trei.

Jumatatu, Juni 9

Mama Mdogo amenisemesha. Amesema, "Sogeza mguu nipige deki." Nimeusogeza kwa furaha.

Alhamisi, Juni 12

Mfuko umekaribia chini. Penseli za kweli zimejaa nusu kopo. Daktari kaja kutazama, akasema ni zaidi ya alivyotumaini baada ya yote, ila kidogo kuliko zile alizomtangazia mkubwa wake. Simu ya kumrekebisha aliipiga mbele yetu. "Kosa lilikuwa letu," alisema. Letu. Nilitamani aseme langu.

Ijumaa, Juni 13

Leo tumemaliza. Msichana wa rangi alikuwa ameshaondoka. Nilikunja mfuko, nikapangusa trei. Nikatafuta la kusema, la kuchekesha, nikakuta yote ni ya zamani.

"Fumba macho," Vidole akasema.

Nikafumba. Akaweka mbegu moja kwenye kiganja changu. Nikaigeuza, nikapitisha ukucha, taratibu, nikarudia. Zamani ningejibu kabla haijatua.

"Kirefu," nikasema. "Penseli."

Akaichukua. Nilisikia ikianguka kwenye kopo, ti. Makopo yote mawili ni ya bati, yanalia sawa, sikujua kaitia lipi. Nilikaa nimefumba, nasubiri aniite jina lolote, mpaka nikasikia viatu vyake kwenye korido.